Mahali Mkono Unapokutana na Pikipiki

Mwendesha pikipiki hugusana na chombo chake mahali patatu tu: kwenye siti, kwenye vikanyagio vya miguu na kwenye usukani. Siti hubeba uzito, na vikanyagio huupokea mwili pale barabara inapoharibika, lakini usukani ndio uliopewa kazi nyingi kuliko vyote, kwa kuwa hapo ndipo pikipiki huelekezwa, hapo ndipo mafuta huongezwa na kupunguzwa, hapo ndipo klachi na breki ya mbele hubanwa, na hapohapo ndipo mitetemo ya injini na mishtuko ya barabara hupenya kuingia mikononi mwa binadamu. Pamoja na hayo, hakuna sehemu inayosahaulika wakati wa matengenezo kama hiyo. Oili humwagwa kwa wakati wake, cheni hukazwa, tairi hukaguliwa, huku usukani ukiachwa kama ulivyotoka kiwandani na gripu zake, yaani zile ngozi za mpira zinazoshikwa na viganja, zikiachwa mpaka zipasuke zenyewe.

Kiwanda hakina budi kuchagua kipimo kimoja, kwa sababu hakiwezi kumjua mtu atakayeipanda pikipiki. Chombo kilekile hununuliwa na mtu wa kimo cha sentimita 158 na mwenzake wa sentimita 188, na wote wawili hukuta usukani ukiwa kwenye kimo kimoja na umbali mmoja kutoka kwenye siti. Kwa anayeendesha dakika ishirini kwenda kazini, tofauti hiyo huweza kupita bila kuhisiwa. Kwa dereva wa bodaboda hali ni nyingine kabisa. Kazi hiyo, iliyoanza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia, katika miaka ya 1960, leo hufanywa kwa pikipiki za silinda moja, nyingi zikiwa za cc 100 hadi 150 kama Bajaj Boxer na TVS HLX, na anayeifanya huweza kukaa juu ya siti tangu alfajiri mpaka usiku, siku sita au saba kwa wiki. Kwake yeye pikipiki ndiyo ofisi, na usukani ndio meza; sentimita tatu ambazo wengine huziona kuwa jambo dogo huwa ndizo zinazoamua kama jioni ataweza kuinua ndoo ya maji bila bega kumuuma.

Usukani ukiwa chini mno au mbele mno kwa kimo cha dereva, mwili hulazimika kuinama ili kuufikia, na mwili unaoinama hupeleka sehemu ya uzito wake kwenye viganja badala ya kuuacha wote utue kwenye makalio na miguu. Kiwiko, ambacho kinapaswa kubaki kimepinda kidogo ili kiwe kama springi, hunyooka na kukakamaa, na mkono ulionyooka hauna namna ya kuumeza mshtuko wa shimo la barabarani, bali huupitisha moja kwa moja hadi begani na shingoni. Shingo nayo hulazimika kujikunja kinyume na mgongo ili macho yaone mbele. Hivyo malalamiko ambayo huonekana kuwa ya sehemu tatu tofauti, kiuno, shingo na viganja, mara nyingi huwa na mzizi mmoja, nao ni mahali usukani ulipofungwa.

Kuna pia mishipa ya fahamu, zile nyuzi zinazopeleka hisia na amri kati ya ubongo na vidole. Miwili kati yake ndiyo inayohusika zaidi hapa. Wa kwanza hupita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya uwazi mwembamba uliozungukwa na mifupa na kano, na huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Wa pili hupita upande wa kidole cha mwisho, karibu sana na ngozi ya kiganja, na huhudumia kidole hicho pamoja na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Kifundo kikikunjwa kuelekea juu kwa muda mrefu, mshipa wa kwanza hubanwa. Uzito ukiegemezwa kwenye ukingo wa kiganja, hubanwa wa pili. Kwa sababu hiyo, dereva anayesema mkono unakufa ganzi anapaswa kuulizwa ni vidole vipi hasa, kwa kuwa jibu lake huonyesha kama kosa liko kwenye pembe ya kifundo au kwenye uzito unaoegemea usukani.

Juu ya mkao huongezeka mtetemo. Pistoni moja inayopanda na kushuka bila pistoni nyingine ya kuisawazisha huitikisa injini mara moja katika kila mzunguko. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, mitikiso hiyo hufikia 100 kwa kila sekunde, nayo husafiri kupitia fremu hadi kwenye bomba la usukani. Madhara ya mtetemo wa namna hiyo yalijulikana kabla pikipiki hazijaenea. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliandika juu ya wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za hewa na ambao vidole vyao vilikuwa vyeupe na kufa ganzi hasa wakati wa baridi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliweka viwango vya mtetemo wa mikono kwa wafanyakazi: kipimo cha mita 2.5 kwa sekunde mraba, kikihesabiwa kwa siku ya kazi ya saa nane, humlazimu mwajiri kuchukua hatua, na kile cha mita 5 hakipaswi kuvukwa kabisa. Dereva wa bodaboda hana mwajiri wa kumpimia, lakini vidole vyake ni vya nyama na damu ileile ya wachonga mawe wale, na baridi ya Njombe, Makete au Limuru asubuhi ya mwezi wa Julai hubana mishipa ya damu kama ilivyobana ya Indiana.

Hatua ya kwanza ya marekebisho haihitaji kununua kitu. Usukani wa kawaida ni bomba lililopindwa na kushikwa na vibano viwili juu ya shokapu za mbele. Bolti za vibano hivyo zikilegezwa kidogo, bomba huweza kuzungushwa kuelekea kwa dereva au mbali naye, na kwa kuwa ncha zake zimepinda, mzunguko mdogo tu huhamisha mahali pa kushika kwa sentimita moja au zaidi. Baada ya hapo huja wenzo wa klachi na wa breki, vile vipande virefu vinavyovutwa na vidole. Dereva hukaa kwenye siti kama anavyokaa akiwa kazini, si kama anavyokaa akipigwa picha, hufumba macho, hunyoosha mikono bila kujilazimisha, kisha hushika. Mtu mwingine akitazama kutoka ubavuni anapaswa kuona kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kikiwa kwenye mstari mmoja na vidole vilivyolala juu ya wenzo. Wenzo ukiwa juu mno, kifundo hukunjika kuelekea nyuma, na kwa dereva anayebana klachi mamia ya mara katika foleni ya mjini, kila mbano huongeza deni linalolipwa na mshipa uleule wa katikati ya kifundo. Inasikitisha kwamba marekebisho haya, ambayo huchukua robo saa na spana moja au mbili, hayafanywi hata siku pikipiki inapotolewa dukani ikiwa mpya.

Iwapo bomba limezungushwa mpaka mwisho wa faida yake na dereva bado anainama, hapo ndipo raiza huingia. Raiza ni vipande vya chuma, mara nyingi alumini, vinavyowekwa chini ya usukani ili kuupandisha, na vingi hupandisha kwa milimita 20 hadi 50. Aina ya kwanza ni kipande kinachokaa chini ya kibano cha asili, na kwa kuwa huongeza urefu wa mahali pa kupita bolti, huhitaji bolti ndefu zaidi. Aina ya pili ni kibano kipya chenye kimo kikubwa, ambacho hufungwa mahali pa kile cha zamani na ambacho huweza pia kuurudisha usukani nyuma. Vifaa hivi vilipendwa kwanza na waendeshaji wa safari ndefu, hasa wale wanaosimama juu ya vikanyagio wanapopita kwenye mchanga na mawe, kwa sababu mtu aliyesimama huuona usukani ukiwa chini zaidi kuliko aliyekaa.

Jambo moja la jiometri hustahili kueleweka kabla ya kununua. Shokapu za mbele hazisimami wima, bali huegemea nyuma, na katika pikipiki nyingi za kawaida mwegemeo huo ni wa nyuzi 26 hivi. Raiza ikifuata mstari huohuo, milimita 30 za urefu wake humpa dereva takriban milimita 27 kwenda juu na takriban 13 kuja nyuma. Kwa hiyo kupandisha usukani ni kuusogeza karibu pia, na mtu aliyedhani anahitaji raiza za kurudisha nyuma huweza kugundua kwamba zile za kawaida zimetosha. Kwa upande mwingine, mtu mfupi ambaye usukani tayari uko karibu naye hubanwa, viwiko vyake huning'inia nyuma ya mbavu, na raiza humletea taabu ambayo hakuwa nayo. Si kila mwili unaouma huhitaji usukani wa juu.

Hatari kubwa ya raiza haiko kwenye raiza zenyewe, bali kwenye nyaya, na hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za taa na honi, na mpira wa breki kwa pikipiki yenye breki ya mafuta, vyote vilikatwa kiwandani kwa urefu unaotosha usukani wa asili. Usukani ukipanda, urefu huo huanza kupungukiwa, na upungufu hauonekani pikipiki ikiwa imesimama imenyooka, kwa kuwa hujitokeza usukani unapokatwa kabisa upande mmoja. Waya wa mafuta uliovutika hujiongezea mafuta wenyewe wakati wa kukata kona, jambo ambalo humtupa mtu mtaroni kabla hajaelewa kilichotokea. Kipimo chake ni rahisi: injini huwashwa na kuachwa ingurume taratibu, kisha usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na mlio haupaswi kubadilika hata kidogo. Wenzo wa klachi nao huchezeshwa katika kila pembe ili kuhakikisha kwamba ncha yake bado ina uhuru wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta, na mpira wa breki hutazamwa kama haujakazika wala haubanwi na fremu. Kisichofika hupitishwa njia nyingine iliyo fupi au hubadilishwa kwa kirefu zaidi. Kuvuta kwa nguvu ili kifike ni kuahirisha ajali.

Bolti ni jambo la pili. Bolti iliyorefushwa na raiza inapaswa kuingia kwenye nyuzi za chini kwa kina kisichopungua unene wake, na kama nyuzi hizo ziko kwenye alumini, mara moja na nusu ya unene huo. Kwa bolti ya milimita 8 maana yake ni milimita 12. Bolti ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na alama haifai, kwa kuwa kichwa cha bolti ya chuma kigumu hupigwa chapa ya namba kama 8.8 inayoonyesha uwezo wake. Haifai kurundika washa ili kupata kimo, wala kupeleka usukani kwa fundi wa kuchomelea aukate na kuuongeza kipande, kwa sababu moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba pembeni mwa kovu la weldi, na bomba hilo halitavunjika kijiweni bali kwenye mteremko, breki ikiwa imebanwa na abiria akiwa nyuma. Fundi mzuri wa kukereza vyuma huweza kutengeneza raiza nzuri za alumini, ilimradi jozi iwe sawa kabisa kwa kimo. Zikipishana hata milimita moja, bomba hupindishwa na vibano vyake. Pale raiza zisipopatikana, maduka mengi ya spea huuza usukani mzima ulio mrefu kwenda juu, na mara nyingi hiyo ndiyo njia salama na nyepesi zaidi, ingawa habari ya nyaya hubaki ileile.

Gripu zina bei ndogo zaidi, na pengine ndizo zenye faida kubwa zaidi kwa fedha iliyotumika. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22, lakini upande wa kulia kuna mrija wa plastiki unaozunguka juu ya bomba na kuvuta waya wa mafuta, hivyo tundu la gripu ya kulia huwa kubwa zaidi, karibu milimita 25. Jozi ya gripu, kwa hiyo, si mapacha, na anayelazimisha ya kushoto iingie kulia huipasua, ilhali anayeweka ya kulia upande wa kushoto hubaki na gripu inayozunguka mkononi.

Mpira laini na jeli, ambayo ni tabaka nyororo lililofichwa chini ya mpira, hupunguza zaidi mitetemo ya kasi ya injini kuliko mitikisiko mizito ya barabara mbovu, na asiyelijua hilo hujiona ameibiwa anapopita kwenye makorongo. Sponji ni laini kuliko zote, lakini hunyonya maji ya mvua na kuchanika chini ya jua kali. Unene nao una mpaka wake. Gripu nene husambaza uzito kwenye eneo kubwa la kiganja na kumfaa mwenye mkono mkubwa, lakini mwenye mkono mdogo hulazimika kuibana kwa nguvu zaidi ili isimponyoke, na misuli ya kigasha huchoka haraka kuliko ilivyokuwa ikichoka awali. Desturi ya kuzungushia gripu kipande cha tyubu kuukuu ina busara ndani yake, kwa kuwa huongeza ulaini bila gharama, ila tyubu hiyo huongeza pia unene, huteleza ikilowa, na isipofungwa sawasawa upande wa mafuta huweza kujikunja na kuganda kwenye kiboksi cha swichi.

Ufungaji wa gripu huonyesha umakini wa fundi. Gripu ya zamani huinuliwa kwa bisibisi nyembamba isiyo na makali, maji ya sabuni hutiwa ndani, kisha huzungushwa mpaka itoke; oili haitumiwi, kwa kuwa itabaki chini ya gripu mpya na kuifanya izunguke. Bomba husafishwa, hukaushwa kabisa, na gripu mpya huingizwa kwa gundi ya mpira kisha kuachwa usiku kucha. Upande wa kulia huachwa uwazi wa milimita 2 hivi kati ya gripu na kiboksi cha swichi, na mafuta yakivutwa hadi mwisho na kuachiwa, mrija unapaswa kurudi wenyewe kwa mlio mdogo wa kugonga. Usiporudi, pikipiki haipaswi kutoka hapo. Kwenye ncha za bomba huweza kuongezwa vizito vya chuma ambavyo, kwa kuongeza uzito mahali bomba linapochezacheza zaidi, hupunguza upana wa mtetemo wake.

Yapo ambayo raiza na gripu haziwezi kuyaponya. Dereva anayebeba mshikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa pamoja, husukumwa mbele mpaka akalie tanki la mafuta, viwiko vyake hukunjika, na vipimo vyote vilivyotafutwa kwa uangalifu hupotea mara moja, huku gurudumu la mbele likibaki jepesi na usukani ukilegea. Ganzi inayoendelea usiku, au inayomfanya mtu aangushe kikombe, si kazi ya fundi tena bali ya daktari, na kadiri inavyopelekwa mapema ndivyo mshipa unavyokuwa na nafasi ya kupona.

Dereva aliye kwenye mkataba, anayepaswa kupeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila jioni, hukutana na ugumu mwingine, kwa kuwa tajiri huhesabu oili na tairi kuwa matengenezo lakini huziona gripu kuwa urembo wa dereva. Mtazamo huo unapaswa kubadilika, na gripu pamoja na kimo cha usukani viingizwe kwenye sevisi kama breki zinavyoingizwa. Fundi anayetaka kuanza hana haja ya kifaa cha kupimia. Gripu kuukuu aliyoitoa, kabla hajaitupa, humwambia mengi. Ikiwa mpira umelika sawasawa pande zote, mkono ulikuwa ukishika tu. Ikiwa umelika na kung'aa sehemu ya juu peke yake, pale kitako cha kiganja kinapoegemea, mkono ulikuwa ukibeba mwili, na usukani huo unahitaji kupanda.